Nyama Imemkataa

Nilimwahidi Mzee Lomnyaki, mfugaji wa Oldonyo Sambu aliyelazwa kitanda cha jirani na changu katika wodi ya upasuaji, kwamba nikipona sitakula mbele ya watu ili waniamini. Alinitaka niirudie ahadi hiyo, kwa sababu mara ya kwanza niliitamka upesi, kama mtu anayemridhisha mgonjwa. Mara ya pili niliitamka polepole. Akaitikia kwa kichwa, akatema mate katika kopo lake la plastiki, akageukia ukutani. Ahadi nimeitimiza, na aliyeilipia ni mama yangu. Naandika haya kwa ajili yako ambaye chakula kimeanza kukugomea, na kwa ajili yako unayeishi na mtu wa namna hiyo, ili msipitishwe njia tuliyopitishwa sisi.

Naitwa Elibariki. Nafundisha somo la uraia katika shule ya sekondari upande wa Olasiti, na kwetu ni mlimani, kwenye miteremko ya Meru, ambako mama yangu analima kahawa na migomba.

Ugonjwa ulinianza wakati wa vuli, katika ofisi ya walimu, kwa sahani ya makande. Tonge lilishuka hadi katikati ya kifua, likasimama. Pumzi nilikuwa nayo, wala sikukohoa. Ni chakula tu kilichokataa kwenda mbele. Nikanywa maji, nayo maji yakasimama juu ya makande, kisha vyote vikarudi kwa pamoja, nikakimbilia nje.

"Umepaliwa, mwalimu," alisema mwenzangu mmoja niliporudi, akinipiga mgongoni. "Kuna mtu anakusema huko."

"Ni Kidato cha Pili," akadakia mwingine. "Kwa mtihani ule aliowapa juzi, wanamsema mpaka wakiwa usingizini."

Tulicheka sote, nami nikacheka zaidi yao. Hivyo ndivyo ugonjwa wangu ulivyopata jina lake la kwanza, kupaliwa. Nimekuja kuamini kwamba jina analopewa mgonjwa mwanzoni ndilo linaloamua atapelekwa wapi. Aliyepaliwa hapelekwi popote. Hupigwa mgongoni, hupewa maji, hutaniwa, na watu huendelea kula.

Kufikia mwisho wa muhula nilikuwa nimeshajifunza kuishi kijanja. Nilitembea na chupa ya maji, na kila tonge nililisukuma kwa funda kubwa. Wanafunzi wakaniita Mwalimu Maji. Nilijua kwamba nikisimama wima, nikanyoosha mikono juu na kuvuta pumzi ndani, chakula wakati mwingine huporomoka chenyewe, na mtu akisikiliza vizuri angekisikia kikianguka. Nyama niliiacha. Chapati niliiacha. Nilianza kula peke yangu chumbani, mlango ukiwa umefungwa, kwa aibu ambayo sikuweza kuieleza kwa sababu sikuwa nimemkosea mtu. Usiku nililala nimeegemea mito, kwani nikilala chali uji wa jioni ulirudi mdomoni. Mkanda wa suruali ulihama tundu, kisha nikautoboa mpya kwa msumari.

Nikarudi nyumbani Desemba nikiwa katika hali hiyo.

Desemba mlima wetu hujaa watu. Walioko Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko hurudi, na kwa kuwa ukoo wote upo, kesi za ukoo humalizwa kati ya Krismasi na mwaka mpya. Mwaka ule kesi ilikuwa ya mama. Baba yangu, miezi michache kabla ya kufariki, alinichukua hadi sehemu ya chini ya shamba, ile inayoishia kwenye mfereji, tukapanda masale, mmea tunaoutumia kuwekea mipaka. Mimi nilishika miche, yeye akachimba. Aliposimama kupumzika alisema, "Kuanzia hapa mpaka majini ni kwa mama yako. Mtu asimsumbue." Hapakuwa na mtu wa tatu. Baada ya msiba, Baba Mkubwa Anaeli, kaka yake baba, akasema sehemu ile ni yake tangu enzi za babu, na kwamba baba aliazimwa tu. Sehemu ile ndiyo yenye kahawa nzuri na migomba ya mama. Juu yake ni nyumba, makaburi na mawe.

Nilisimama mbele ya wazee nikasema nilichokisikia. Nilikisema mara moja, bila kupamba. Wazee waliniuliza maswali, nikajibu, na nyuso zao zikaanza kulegea. Mwenyekiti wa ukoo akasema, "Basi. Lifungwe kwa nyama."

Katika ukoo wetu neno la ugomvi wa ardhi hufungwa hivyo. Huchinjwa kondoo, huchomwa, na aliyetoa ushahidi hula kipande mbele ya wote, kisha upande wa pili nao hula. Mzee wa kanisa huomba kwanza, na sijawahi kumwona mtu akishangaa kwamba sala na kiapo vinaandaliwa meza moja. Kuna sharti moja tu, nami sikulikumbuka mpaka kisu kilipokuwa kinakata: nyama ya kufunga neno haishushiwi kwa kitu chochote. Mtu huitafuna na kuimeza kwa mate yake.

Nilipewa kipande cha paja. Nilitafuna mpaka taya zikauma. Watu walinitazama wakiwa kimya, na ukimya ule ulinikausha mate. Nikameza. Nyama ikasimama palepale yaliposimama makande, nami nikanyoosha mikono juu kama nilivyozoea. Baadaye nilisikia kwamba baadhi yao walidhani natubu.

"Maji," nilisema. "Naomba maji."

Mama alikuwa ameshatoka jikoni na kikombe, anakimbia. Baba Mkubwa hakumgusa. Alinyoosha mkono tu, akamzibia njia.

"Mwacheni," alisema kwa upole, na upole huo ndio nisioweza kuusahau. "Nyama imemkataa."

Nilikimbilia kwenye migomba, nikainama. Mzee mmoja alinifuata, si kunishika, bali kuangalia kilichotoka. Nilimsikia akirudi kwa wenzake na kuwatangazia: "Kimetoka kama kilivyoingia."

Nilijaribu kujieleza. Niliwaambia kwamba niko hivi tangu vuli, kwamba wawaulize walimu wenzangu. Baba Mkubwa alitikisa kichwa kwa huruma. "Tangu vuli, mwanangu. Yaani tangu ulipoanza kuyapanga maneno haya."

Wazee waliahirisha shauri hadi nyama ikubali. Siku hiyohiyo mtu alichomoa masale mawili, akayatupa mferejini.

*

Januari ilipofika ugonjwa ulikuwa na jina la pili. Sasa nilikuwa nakabwa. Wengine walisema nakabwa na baba, kwa kumsingizia maneno asiyoyasema. Wengine walisema nakabwa na babu, mwenye ardhi. Waliokuwa wapole walisema ni roho tu, na roho hutoka. Mama yangu, mwanakwaya wa usharika kwa miaka yake yote ya utu uzima, alishika hilo la mwisho kwa sababu ndilo pekee lililokuwa na mlango wa kutokea. Kila nilipopanda mlimani mwisho wa juma alinipeleka kwenye kikundi cha maombi kilichokutana sebuleni kwa jirani yetu. Walikuwa watu wema, nasema hili bila kejeli. Waliimba kwa machozi. Kisha mwanamume mwenye vidole vinene alinishika koo na kuiamuru roho iachie, iachie, iachie, na kadiri alivyoiamuru ndivyo alivyobana. Huo ndio wakati pekee katika ugonjwa wote ambao nilikabwa kweli.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu, kiangazi kimekausha njia na vumbi likitupanda hadi magotini, mama alisimama.

"Eli," alisema. "Tuko wawili tu hapa. Baba yako alisema vile, au uliniongezea kwa huruma?"

"Alisema, mama."

"Sitakuchukia ukisema uliongeza. Nitakuombea tu."

"Alisema, mama. Mimi nilikuwa nimeshika masale."

"Haya," alisema, akaanza kutembea. Nimechomwa sindano nyingi tangu siku ile, nimepasuliwa na kushonwa, na bado nikiulizwa ni wapi palipouma zaidi, nitaonyesha njia ile ya vumbi.

Aliyeukata mzunguko huo ni dada yangu Glory, ambaye ana saluni Engutoto na hana subira na mtu. Nilikwenda kwake mwanzoni mwa masika. Alinipa chai na kipande cha mkate, akaniangalia nikisimama, nikinyoosha mikono, nikipigana na mkate ule kama mtu anayepigana na ng'ombe.

"Wewe tangu lini unafanya hayo mazoezi?"

"Tangu vuli."

"Na mnakwenda kwa maombi."

"Wanasema nakabwa."

"Unakabwa na nani? Mimi nakutazama hapa, sioni mkono wa mtu." Alimgeukia mteja wake aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele. "Dada, wewe unaona mkono?" Mteja akatikisa kichwa chenye vibiringisho vya nywele. "Hakuna mkono. Hiki kitu kimekwama, Eli. Kikikwama choo unaita fundi, huiti kwaya. Kesho hospitali. Na usiniletee hoja zako za uraia."

Hilo likawa jina la tatu, na ndilo lililonipeleka mahali pa maana. Chakula kinakwama. Ni neno lisilo na heshima yoyote, neno la mabomba na magari, na sijui kwa nini ilitulazimu kusubiri mtu asiye na adabu ili tulipate.

*

Chumba cha kusubiri katika hospitali ya mjini kina mabenchi marefu na bati linalopiga kelele mvua ikinyesha, na masika yale ilinyesha kila siku niliyokwenda. Matope ya miguu ya watu yalichora njia kutoka mlangoni hadi dirisha la kadi. Mtu asiyeweza kumeza hujifunza haraka kuwatambua wenzake: kola ya shati imekuwa kubwa, kitambaa kiko mkononi, na muuza maandazi akipita anageuza uso.

Mzee aliyekaa karibu yangu alijifunika shuka jekundu na koti zito juu yake, na alishika kopo lenye mfuniko. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ero, na wewe tonge haliendi?" Aliniita ero, kama Waarusha na Wamaasai wanavyomwita kijana.

"Linakwenda kidogo, kwa maji."

"Una bahati. Mimi hata mate hayaendi." Alifungua kopo, akatema, akafunga kwa adabu kubwa. "Unafanya kazi gani?"

"Mwalimu."

"Mwalimu akikosa kumeza bado anafundisha. Mfugaji akikosa kumeza, ng'ombe wanamshangaa. Nakaa pale, nakamua, naangalia maziwa. Maziwa yananiangalia."

Alicheka bila sauti. Huyo ndiye Mzee Lomnyaki. Aliitwa kabla yangu, akaniachia nafasi yake kwenye benchi, mahali pasipovuja.

Sitaeleza vipimo. Nilikunywa kitu cheupe kizito kama chokaa wakanipiga picha. Siku nyingine waliniingiza kamera kooni. Daktari, mwanamke kijana ambaye huenda tulikuwa chuoni miaka ileile, alinichorea mfuko mrefu wenye shingo nyembamba chini. Alisema mlango wa chini wa njia ya chakula umeacha kufunguka. Si saratani. Inatibika, lakini haitibiki kwa dawa za kumeza, na alipokwisha kusema hilo sote wawili tulitabasamu.

"Daktari," nilimwuliza, "kuna uhusiano wowote na nyama ya kiapo?"

Aliacha kuandika. "Mtu wa kwetu mlimani?"

"Ndiyo."

"Mlango huu haujui kiapo," alisema. "Haujui hata kama unachomeza ni nyama au ni uji. Umefungwa tu. Ukirudi nyumbani waambie hivyo."

Niliwaambia. Baba Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani aliyeufunga.

Nilipelekwa katika hospitali ya rufaa ya mkoa jirani, wakanitanua mlango ule kwa puto, nami nikarudi nikiweza kula wali. Kwa majuma machache nilikuwa mtu mwenye furaha isiyo na adabu. Nilikula mbele ya Kidato cha Pili. Nilikula mhindi wa kuchoma huku natembea. Kisha baridi ya Juni ikaja, ile inayoshusha ukungu hadi kwenye paa za Olasiti, na pamoja nayo mlango ukaanza kurudi. Kwanza ulikataa wali, kisha mkate, mwisho ukakataa hata uji usiochujwa. Puto la pili halikusaidia. Mbavu zangu zilijitokeza, pete ya chuo ikadondoka kidoleni nilipokuwa nafuta ubao, na mwanafunzi wa mbele aliiokota akanirudishia bila kuniangalia usoni. Mlimani, habari kwamba nimerudia hali ileile ilipokewa kama ushahidi mpya. Waliona kwamba hospitali nayo imeshindwa. Mama aliacha kuhudhuria kikundi cha maombi, si kwa kukata shauri, bali kwa sababu wenzake walianza kunyamaza akiingia.

*

Nililazwa kwa upasuaji wakati kahawa inachumwa. Ninajua kwa sababu mama alikuja na kucha nyeusi za kazi, ameitoa kahawa ya sehemu ya chini kabla mwingine hajaichuma. Kitanda cha dirishani kilikuwa na shuka jekundu juu ya lile la hospitali. Mzee Lomnyaki alikuwa amekwisha kuwekewa mrija tumboni. Muuguzi alimpitishia maziwa kwa bomba la sindano, naye aliyatazama yakishuka.

"Unaona, mwalimu?" alisema. "Mlango umefungwa, sasa wananiingizia dirishani. Hata ladha siipati. Huenda si maziwa. Huenda ni chokaa ya ukuta huu."

Yake ilikuwa saratani, na walikuwa wamemchelewesha. Alinisimulia mchana mmoja, taratibu, akitulia kila mara kutema. Alikuwa na mgogoro na mdogo wake kuhusu mitamba ya urithi. Alipoanza kushindwa kumeza, watu walisema ng'ombe wa mdogo wake wamemkaba, na kwamba akikiri koo litafunguka. Kiangazi kizima alikataa, kwa kuwa mitamba ilikuwa yake. Alizidi kukonda. Wanawe waliokuwa upande wake nao wakaanza kumsihi: baba, kubali tu, ule.

"Nikakubali," alisema. "Niliita watu, nikasema nimekula ng'ombe wa ndugu yangu. Mbele ya wanangu, mwalimu. Mbele ya wake zangu. Wakachukua mitamba. Wakaninyunyizia maziwa ya baraka. Nikaingia ndani, nikaomba kikombe, nikajaribu." Alionyesha kifua chake kwa kidole kimoja. "Yakasimama hapa."



"Niliwapa neno langu ili wanirudishie koo. Neno walichukua. Koo hawakuwa nalo."

Nilimweleza nami habari ya kondoo, ya maji niliyonyimwa na masale yaliyotupwa. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha aliniuliza ikiwa upasuaji wangu utafanikiwa. Nikasema daktari ana matumaini.

"Basi utapona, na watakuita tena," alisema. "Watakupa nyama. Itashuka. Watasema, ahaa, alikuwa anasema kweli. Na mimi?" Alifumbua macho. "Mimi ambaye haikushuka, watasema nini? Ukila mbele yao, umenihukumu na mimi. Niahidi hutakula."

Nimeshaeleza jinsi nilivyoahidi.

Wanawe walikuja mara moja nikiwepo. Walisimama miguuni pa kitanda, vijana warefu wenye simu mikononi, na hakuna aliyejua pa kuweka macho. Alikufa siku chache baada ya upasuaji wangu, mchana wa jua kali, muuguzi akiwa amekwenda kunichukulia maji. Maji hayo nilipewa kwa kifuniko cha chupa, funda la kwanza baada ya kisu. Nilisikia yakishuka bila kusimama mahali popote, huku wakivuta pazia la kitanda cha dirishani. Sijui mtu afanye nini na furaha inayofika wakati kama huo. Niliimeza pamoja na maji.

*

Kisha ikaja Desemba nyingine, na mlima ukajaa. Nilikuwa nimerudisha mashavu. Nilikuwa nakula kila kitu, polepole, na watu waliniona sokoni nikila. Mwenyekiti wa ukoo alituma ujumbe kwamba, kwa kuwa kijana amepona, shauri limalizwe. Kondoo alitolewa na Baba Mkubwa mwenyewe. Nadhani kwa namna yake alitaka haki. Aliamini kwamba atakachokiona ndicho kitakachokuwa kweli, na alikuwa tayari kushindwa. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi juu yake.

Mama alinishika mkono kabla hatujatoka jikoni. "Kipande kimoja tu, baba," alisema. "Kidogo. Umalize."

Nilikuwa nimemweleza ahadi yangu. Aliisikia, na alijua nitafanya nini. Ndiyo maana aliniita baba, kama anavyoniita anapoomba.

Walinikatia kipande cha paja tena. Nilikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kisha nikakirudisha kwenye sinia.

"Wazee wangu," nilisema, "nyama hii nikiila itashuka. Wote mnajua. Ikishuka mtaniamini. Lakini mimi ni yuleyule, na maneno ni yaleyale ya mwaka jana. Kilichobadilika ni msuli mmoja, na aliyeukata ni daktari. Kama mliniona mwongo kwa sababu ya msuli, sitaki mnione mkweli kwa sababu yake. Niulizeni maswali. Waulizeni waliotuona na baba tukienda na miche. Nendeni mkaangalie masale yaliyobaki, yamepandwa kwa mstari. Lakini sitakula."

Mzee wa kanisa alitazama viatu vyake.

"Kijana amesoma," alisema mzee mmoja, na hakukusudia sifa.

"Kula, Elibariki," alisema mwenyekiti, karibu kwa kubembeleza. "Usitutese. Kula twende nyumbani."

"Nisamehe, babu. Sitakula."

Baba Mkubwa alivuta pumzi ndefu. "Mwaka jana nyama ilimkataa," alisema. "Mwaka huu yeye ameikataa nyama. Mimi sioni tofauti." Akachukua kipande kilekile, akakila. Kilishuka.

Sehemu ya chini ikawa yake jioni ile. Tumefungua shauri katika baraza la ardhi la kata. Linasikilizwa, linaahirishwa, mama hushuka na kupanda mlima kulifuata. Baba Mkubwa ameweka uzio wa seng'enge juu ya mstari wa masale. Migomba ya mama iko ng'ambo, anaiona akifua. Ndizi za mtori, supu nzito ya ndizi, ulionilisha nikijiuguza zilitoka kwenye migomba ile. Sasa ndizi za mtori tunanunua sokoni, naye huzichagua kwa kuzibonyeza moja moja, kama mtu asiyewaamini wageni.

Jioni ile ya Desemba, watu walipotawanyika, niliingia jikoni nikidhani atanifukuza. Alikuwa amekaa karibu na moto. Juu ya figa kulikuwa na sahani, na ndani yake kipande cha nyama alichotumiwa kutoka kwa kondoo yule, kwa kuwa hata aliyeshindwa hupelekewa fungu lake. Alinisogezea sahani.

"Hapa hakuna wazee," alisema. "Kula."

Kisha akanigeuzia mgongo, akashughulika na kuni ambazo hazikuhitaji kushughulikiwa. Nilitafuna. Hakugeuka. Nilimeza, na hakugeuka bado, ingawa alikuwa karibu nami kiasi cha kusikia. Alikaa hivyo, ameutazama moto, mpaka niliporudisha sahani tupu.

"Nikuongezee?" aliuliza.

Ombi langu kwako ni hili. Ukimwona mtu wa nyumbani kwako anashushia kila tonge kwa maji, ameacha nyama, anakonda na anajificha akila, usimwulize amemdhulumu nani. Mpeleke hospitali wiki hiyohiyo, na neno lake liamini au likatae kwa sababu nyingine.